Kwa nini wastaafu wanahamia Görlitz, mji wa kando ya mto



Katika kikao kilichopita cha kamati ya miradi tulipokea ombi la usharika mmoja wa Dayosisi yetu. Usharika huo umepewa kiwanja kando ya mto na familia moja ya washarika, na umekusudia kujenga hapo nyumba sita ndogo kwa ajili ya wainjilisti na walimu waliostaafu ambao hawana pa kwenda. Ombi liliandikwa vizuri, lina michoro na makadirio ya gharama. Sababu kubwa ya kuchagua eneo hilo ilitajwa kuwa ni mandhari: maji yanayotiririka, miti, upepo na utulivu unaomfaa mtu mzima.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alisoma ukurasa huo mara mbili, akavua miwani na kuuliza: "Wanangu, usiku nikibanwa na kifua, huo mto ndio utakaonipeleka hospitali?" Tulicheka sote, lakini hakuna aliyemjibu. Ombi lilirudishwa kwa usharika likafanyiwe kazi zaidi, nami nikaombwa niandike kidogo juu ya mji mmoja niliowahi kuufikia, ambao wastaafu wanauhamia kwa hiari yao wenyewe, na ambao uko kando ya mto. Nimekubali, kwa kuwa mji huo unamsaidia mtu kuona ni kipi hasa kinachomvuta mzee mahali, na mto una sehemu gani katika jambo hilo.

MJI WENYEWE

Mji huo unaitwa Görlitz. Uko mashariki kabisa mwa Ujerumani, kama kilometa 100 kutoka Dresden, na hakuna mji mwingine wa Ujerumani ulio mashariki zaidi yake. Nilifika huko kwa treni tukiwa katika ziara ya kichama cha urafiki wa sharika. Washarika wetu wa Kaskazini watakumbuka kwamba wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tangu wakati huo kumekuwa na watu wa Saksonia wanaokuja kwetu na wetu wanaokwenda kwao. Görlitz ulikuwa nje kidogo ya ratiba yetu. Mwenyeji wetu alisema hatuwezi kurudi nyumbani bila kuuona, na nafurahi kwamba tulimsikiliza.

Mji unatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 1071. Ulitajirika kwa biashara ya nguo za sufu, kwa kuwa ulikuwa kwenye njia kuu ya wafanyabiashara kutoka magharibi kwenda mashariki mwa Ulaya. Mto Neisse unapita chini yake, na kanisa la Mtakatifu Petro limejengwa juu ya mwamba upande wa mji, minara yake miwili ikiangalia maji. Ndani ya kanisa hilo mna kinanda cha mabomba kilichowekwa wakfu mwaka 1703, maarufu kwa jina la Kinanda cha Jua kwa sababu ya mapambo yake. Nyuma ya kanisa ndipo mji wa kale unapoanza: vichochoro vya mawe, viwanja vya soko, nyumba zenye nguzo na matao. Majengo yaliyoorodheshwa kuwa ya kihistoria ni karibu 4,000, na hii ni hesabu kubwa mno kwa mji wa watu wapatao 56,000.

Vita Kuu ya Pili haikuubomoa mji huo kama ilivyobomoa Dresden. Kilichoharibiwa ni madaraja. Tarehe 7 Mei 1945, siku moja kabla ya vita kwisha, jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma lililipua madaraja yote ya mto. Baada ya hapo mto ukafanywa mpaka. Upande wa mashariki ukawa Poland na kuitwa Zgorzelec, upande wa magharibi ukabaki Ujerumani. Tangu hapo mji mmoja ukawa miji miwili inayotazamana.

JINA LA UTANI LA ZAMANI

Uhamiaji huu wa wastaafu haukuanza juzi. Tangu karne ya 19 Görlitz uliitwa kwa utani "Pensionopolis", yaani mji wa pensheni. Mwaka 1815 mji huo ulitolewa kwa ufalme wa Prussia, na mwaka 1847 ukafikiwa na reli, ambayo inavuka mto juu ya daraja la mawe lenye urefu wa mita 475. Kuanzia hapo ofisa wa serikali au wa jeshi aliyemaliza utumishi wake angeweza kupanda treni Berlin, akashuka Görlitz, akapanga nyumba nzuri yenye bustani mbele na kuishi kwa pensheni yake. Mji ulijenga bustani kubwa ya wananchi, mitaa mipana na nyumba za ghorofa zenye dari ndefu. Tramu za kuvutwa na farasi zilianza mwaka 1882. Graz, mji wa Austria kando ya mto Mur, uliitwa kwa jina hilohilo na kwa sababu zinazofanana.

Tazameni mpangilio wa mambo hayo. Mandhari ya Görlitz yalikuwepo kwa karne nyingi, lakini wastaafu walimiminika baada ya reli kufika. Kabla ya hapo uzuri ule ulikuwa wa wenyeji tu.

NYUMBA ZILIZOBAKI TUPU

Nakuja sasa kwenye wimbi la pili, la miaka yetu. Hili lina chanzo cha huzuni, na sioni vyema tulipite haraka.

Chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki nyumba za kale ziliachwa zichakae. Serikali ilijenga maghorofa mapya pembezoni na kuwahamishia watu huko, huku katikati ya mji mapaa yakivuja na kuta zikiota ukungu. Hata hivyo watu walikuwa na kazi. Palikuwa na kiwanda cha mabehewa ya treni kilichoanzishwa mwaka 1849, palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa mji na kituo cha umeme kilichoyatumia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi walikuwa zaidi ya 70,000.

Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, viwanda vingi vya mashariki vilishindwa kushindana na vya magharibi. Machimbo na kituo cha umeme vilifungwa mwaka 1997. Vijana, na wasichana kuliko wavulana, walifunga mizigo wakaenda magharibi kutafuta kazi. Maelfu ya nyumba zikabaki tupu. Mtu alitembea mitaa ile mizuri jioni akaona taa katika dirisha moja au mawili tu ya jengo zima la ghorofa nne.

Nyumba ikiwa tupu, kodi ya pango hushuka. Na hapa sina budi kueleza jinsi pensheni ya wenzetu inavyolipwa, kwa kuwa bila hilo habari hii haieleweki. Kwetu mtumishi anapostaafu, akiwa na miaka 60 kwa lazima au 55 kwa hiari, hupata sehemu ya mafao yake kwa mkupuo na inayobaki kila mwezi. Mkupuo huo ndio unaowafanya wastaafu wetu wengi waanze kujenga, tena kwa haraka. Kwa Mjerumani anayetegemea pensheni ya umma hakuna mkupuo wa namna hiyo. Analipwa kila mwezi mpaka anapofariki. Aidha, zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile wanaishi katika nyumba za kupanga. Kwa hiyo mstaafu wa Munich au Hamburg hukaa mezani na kalamu akapiga hesabu moja tu: mwezi ukianza, baada ya kulipa pango nitabaki na kiasi gani? Pensheni haibadiliki ukihama mji ndani ya nchi, pango ndilo linalobadilika. Akihamia Görlitz, fedha ileile inampa vyumba vikubwa zaidi, na bado anabaki na nauli ya kwenda kuwaona wajukuu.

Tulikaribishwa chai na mama mmoja, muuguzi mstaafu na mjane, ambaye alitoka magharibi mwa nchi. Nilimuuliza kupitia mkalimani kama alikuja kwa ajili ya mto. Alicheka. Alisema alikuja kwa ajili ya pango, akakaa kwa ajili ya kwaya, na mto anauangalia Jumapili. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

MFADHILI ASIYEJULIKANA

Pango la chini peke yake lisingetosha. Ipo miji mingi ya mashariki yenye nyumba tupu na haina mstaafu anayeihamia. Tofauti ya Görlitz ni kwamba nyumba zake zilitengenezwa, na sehemu ya habari hiyo ninapenda kuwasimulia hasa wafadhili wetu.

Mwaka 1995 mji ulipokea marka milioni moja kutoka kwa mtu ambaye hakutaka kujulikana. Sharti lake lilikuwa moja: jina lake lisitafutwe, la sivyo msaada utakoma. Fedha zilitumika kukarabati mji wa kale. Mwaka uliofuata zikaja tena kiasi kilekile. Ikawa hivyo kila mwaka, na sarafu ilipobadilika ziliendelea kuja kama euro 511,500, ambazo ndizo marka milioni moja. Msaada wa mwisho ulikuwa wa mwaka 2016. Kwa jumla ni zaidi ya euro milioni 10, na hadi leo jina la mtoaji halijatangazwa.

Kilichonivutia mimi kama mratibu ni namna fedha hizo zilivyogawanywa. Uliundwa mfuko maalumu wenye bodi yake. Mwenye nyumba, usharika au chama kilichokuwa na jengo la kihistoria kiliandika maombi na bodi ikaamua. Hazikumwagwa kwenye jengo moja kubwa la kupigia picha. Ziligawanywa kidogo kidogo: paa la huyu, mlango wa kale wa yule, madirisha, nguzo, mchoro wa ukutani. Mara nyingi mwenye jengo naye alitoa chake, na serikali ikaongeza fedha za kutunza majengo ya kale. Mtaa baada ya mtaa ukafufuka. Mgeni anayefika leo anaona mji mzima uliotunzwa, na mzee anayetafuta mahali pa kuishi hulipima hilo haraka sana, kwa sababu mahali panapotunzwa humpa matumaini kwamba naye atatunzwa.

Nakiri kwamba tulipoambiwa habari ile, mwenzangu mmoja aliniegemea akanong'ona, "Huyo mtu hakudai ripoti ya robo mwaka?" Nami nilitamani kuuliza hivyohivyo, ila bodi ilitoa hesabu zake kama kawaida.

KUONJA KABLA YA KUHAMIA

Jambo jingine walilofanya wenzetu ni la busara. Kuanzia mwaka 2008, shirika la nyumba la mji pamoja na watafiti waliwaalika watu waje wakae katika nyumba iliyowekwa samani bila kulipa pango, kwanza kwa muda wa siku chache, na katika awamu za baadaye kwa wiki kadhaa. Mgeni alitakiwa kujibu maswali tu: amependa nini, nini kimemkera, kwa nini angehamia au asingehamia. Wengi waliojitokeza mwanzoni walikuwa watu wazima waliokaribia kustaafu au waliokwisha kustaafu. Kwa hiyo mji haukukaa ofisini ukikisia kile ambacho wazee wanataka. Uliwauliza baada ya kuwapa usingizi wa siku kadhaa katika nyumba ileile, wakapanda ngazi zilezile na kusikia kelele za mtaa uleule.

Sisi katika miradi yetu tumejenga matangi ya maji mahali ambapo akina mama hawapiti. Naandika hili bila kumnyooshea mtu kidole, maana nami nilikuwemo.

MIGUU, TRAMU NA DARAJA

Mtu akifika kwa ajili ya pango, ni nini kinachomfanya akae? Nilichokiona ni kwamba katika mji wa kale karibu kila kitu kiko ndani ya mwendo wa miguu wa mzee: soko, duka la dawa, maktaba, ukumbi wa muziki na maigizo, kanisa, mgahawa wa kahawa ambao mhudumu anakufahamu. Mji una hospitali yake. Tramu inakwenda kutoka pembe moja hadi nyingine, na treni zinakwenda Dresden kwa muda unaozidi kidogo saa moja. Mtu ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari hapotezi maisha yake kwa siku moja.

Halafu kuna daraja. Mwaka 2004, mwaka uleule ambao Poland iliingia katika Umoja wa Ulaya, daraja la waenda kwa miguu lilijengwa upya chini ya kanisa la Mtakatifu Petro, mahali ambapo lile la kale lililipuliwa mwaka 1945. Mwezi Desemba 2007 ukaguzi wa kudumu wa hati mpakani ukaondolewa. Tangu hapo wastaafu wakawa wanavuka kwenda ng'ambo kunyoa au kusuka nywele, kununua maua na kula chakula cha mchana kwa bei nafuu, kisha wanarudi kulala upande wa pili. Mwaka 2023 Ujerumani ilirudisha ukaguzi wa polisi kwenye mpaka wake na Poland, na wenyeji wa miji hii miwili walilalamika, kwa sababu walikuwa wamezoea kuishi kama mji mmoja tena.

Hata yale machimbo ya makaa yaligeuka kuwa kivutio. Shimo lilianza kujazwa maji mwaka 2002 na kufikia mwaka 2013 likawa ziwa lenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 10, lenye njia ya kutembea na kuendesha baiskeli kuzunguka ukingo wake. Kwa hiyo mji wa mto ukapata na ziwa.

Filamu nazo zimechangia. Kwa kuwa mitaa haijabadilika sana, watengenezaji wa filamu huja kupiga picha za zamani bila kujenga chochote. Duka kubwa la ghorofa lililojengwa mwaka 1913, ambalo lilifungwa mwaka 2009, lilitumika mwaka 2013 katika filamu ya The Grand Budapest Hotel. Watu waliona mji huo sinema wakauliza uko wapi. Kwa mzee anayehama sidhani kama hiyo ni sababu, labda ni jambo la kuwaambia majirani aliowaacha.

MTO UNAPOKASIRIKA

Na mto je? Mto unapendwa, sikatai. Jioni watu hukaa kwenye kuta za mawe wakiutazama, na wastaafu hutembea kwenye njia ya kingo wakiwa wawili wawili. Lakini angalieni wanaishi wapi. Mji wa kale uko juu, kwenye mwinuko. Waliojenga Görlitz waliyatumia maji ya Neisse kwa vinu na kwa kazi ya nguo, lakini kanisa, soko na nyumba zao kubwa walizipandisha mlimani.

Tarehe 7 Agosti 2010 ilionekana kwa nini. Baada ya mvua kubwa, bwawa la Niedów lililoko kwenye kijito cha Witka upande wa Poland lilivunjika, na maji yake yakaingia Neisse ambao tayari ulikuwa umefurika. Usiku huo na siku iliyofuata mto ulipanda Görlitz hadi zaidi ya mita 7. Nyumba za chini karibu na kingo, pande zote mbili za mpaka, ziliingiwa na maji. Juu ya mto, huko Ostritz, nyumba ya watawa ya Mtakatifu Marienthal iliyoanzishwa mwaka 1234 ilijaa maji na tope. Watu wa mji wa juu waliangalia mafuriko kutoka madirishani.

Mzee akihamishwa usiku kutoka katika maji si sawa na kijana. Ana dawa zake, ana miwani, pengine ana oksijeni au godoro maalumu. Wanaojenga kwa ajili ya wazee kando ya mto wanatakiwa kuanza na swali la maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote, kabla ya swali la mandhari.

YASIYOANDIKWA KATIKA VIPEPERUSHI

Nisingependa mtu afikiri kwamba Görlitz ni paradiso ya wazee. Yale mawe ya barabarani yanayopendeza kwenye picha ni adui wa mtu anayetembea kwa mkongojo au anayesukuma kigari cha kujishikilia. Nyumba nyingi za kale zina ghorofa tatu au nne, na si zote zenye lifti. Mtu wa miaka 65 hupenda ghorofa ya juu kwa sababu ya mwanga na kwa sababu anauona mto. Akifika miaka 80 ngazi zilezile zinamfunga ndani. Ukarabati wa jengo la kihistoria una masharti mengi, na kuingiza lifti bila kuharibu ngazi za karne ya 16 ni ghali.

Zito zaidi ni swali la nani atamhudumia. Mstaafu anahamia kwa sababu nyumba ni rahisi, nyumba ni rahisi kwa sababu vijana waliondoka, na vijana walioondoka ndio wangekuwa wauguzi, madaktari na madereva wa tramu wa uzee wake. Wilaya ya Görlitz ni miongoni mwa zile zenye wakazi wenye umri mkubwa zaidi katika Ujerumani yote. Ujerumani ina bima ya lazima ya huduma ya wasiojiweza tangu mwaka 1995, kwa hiyo fedha za kumlipa mhudumu zipo angalau kwa sehemu. Mhudumu mwenyewe ndiye anayetafutwa. Baadhi yao huvuka mto kutoka Poland asubuhi na kurudi jioni. Viongozi wa mji wanalijua hili, na ndiyo maana awamu za karibuni za ule mpango wa kuonja makazi ziliwalenga zaidi watu wenye umri wa kufanya kazi. Wanachotaka sasa ni kumpata fundi, mwalimu na muuguzi mwenye watoto. Hata kile kiwanda cha mabehewa cha mwaka 1849 kilipangiwa kazi nyingine mwaka 2025, pale ilipotangazwa kwamba kitachukuliwa na kampuni ya kutengeneza zana za kijeshi ili ajira zisipotee zote. Jambo hilo lilizua maneno mengi, ndani ya kanisa na nje yake.

Nilimuuliza yule mama muuguzi kama anaogopa. Alisema yeye mwenyewe alihudumia wazee kwa miaka mingi, kwa hiyo alipokuja alichagua ghorofa ya kwanza, upande usio na mto, mita chache kutoka kituo cha tramu. Wenzake katika kwaya walimshangaa kwa nini hakuchukua dirisha la mtoni wakati pango lilikuwa lilelile.

KURUDI KWENYE KIWANJA CHETU

Tangu kikao kile, kamati ya usharika ulioleta ombi imefanya kazi nzuri, nami napenda kuitambua hapa. Wamepima kwa pikipiki umbali kutoka kiwanjani hadi zahanati: kilometa 4, na kati yake kuna korongo ambalo wakati wa masika halipitiki. Soko na kanisa viko mbali karibu hivyohivyo. Wamekwenda pia kuwauliza wenyewe wainjilisti wastaafu watano, kitu ambacho hakikuwemo katika ombi la kwanza. Mmoja alipapenda. Wanne walisema wangependelea chumba kimoja karibu na barabara ya lami kuliko vitatu kando ya mto. Mmoja wa hao wanne aliongeza kwamba ametembea kwa baiskeli vijijini kwa miaka 31 na sasa angependa watu wapite kwake.

Usharika una kiwanja kingine kidogo nyuma ya kanisa, juu ya mwinuko, ambacho kilitengwa kwa ajili ya ukumbi. Ukisimama hapo unauona mto, ingawa kwa mbali. Mhandisi wetu amesema nyumba nne zinaweza kuenea bila kubana, na kwamba umeme na maji viko tayari. Pendekezo moja ni kujenga hapo, na kule mtoni kupanda miti ya matunda na kuweka mabenchi ambako wazee watapelekwa mara moja kwa wiki. Wajumbe wengine hawajaridhika, kwa sababu familia iliyotoa kiwanja cha mtoni ilikitoa kwa ajili ya nyumba, na jambo hilo linahitaji mazungumzo ya heshima na baba wa familia hiyo kabla ya uamuzi wowote.

Makadirio ya viwanja vyote viwili yatawasilishwa katika kikao kijacho, na wafadhili wanaopenda kuyaona wanaweza kuyapata ofisini kwangu. Kabla ya hapo Mwalimu, yule aliyeuliza habari za kifua, ameomba twende naye mtoni. Anasema upo mwembe pale ambao wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1998 maji yaliufikia kwenye matawi, na yeye anaujua.